Ukingo wa Kushoto

Jumatatu, 2 Septemba

Theluji bado imelala juu ya mlima kule Chile. Darubini zimesimama, hakuna kinachopimwa, nami niko hapa Göteborg natafuna kucha. Zimebaki siku ishirini na nane tu mwaka wa upimaji ufungwe. Maombi ambayo hayajafikiwa yanatupwa. Langu ni daraja la C — yaani, wakipata nafasi.

Gunvor, msimamizi wangu, anasema nitulie. Rahisi kwake! Hapana, si rahisi. Miaka kumi na moja ameifuatilia galaksi hii tunayoiita Masizi, kwa jinsi kitovu chake kilivyozama kwenye vumbi. Anaamini gesi inayofumka humo inatoroka moja kwa moja. Wenzake wanasema itapanda, ichoke, irudi. Jibu liko kwenye kasi tu. Ikipita kilomita mia saba kwa sekunde, hairudi. Mwisho wa mwezi anastaafu. Mimi natetea tasnifu Oktoba.

Alhamisi, 12 Septemba

WAMEPIMA! Dakika hamsini, anga safi!

Gunvor kanunua mikate ya mdalasini ya ofisi nzima, yeye ambaye hata kahawa hudoea. Melker wa meza ya jirani akamtania: kashinda bahati nasibu nini? "Kaa kimya ule," akajibiwa.

Jumanne, 17 Septemba

Data imefika. Nimechora mara tatu, labda nimekosea mimi.

Kulia kuna nafasi tupu, kubwa, ya bure. Kushoto, gesi inayokuja upande wetu. Mstari unashuka polepole, unashuka — na dirisha, yaani kipande cha kasi kilichopimwa, linaisha. Kilomita mia tano na arobaini kwa sekunde, basi! Na gesi bado ipo pale ukingoni. Ya upande wa nyuma haisaidii, vumbi la kitovu limeiziba.

Kwa nini dirisha limekaa kando hivi?

Jumatano, 18 Septemba

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Kasi ya galaksi inahesabiwa kwa njia mbili: ya watu wa mwanga na ya watu wa redio. Kwa galaksi ya karibu zinalingana. Kwa iliyo mbali kama Masizi zinapishana kilomita mia nne na sitini. Kwenye fomu yetu kumeandikwa elfu kumi na mbili, hesabu ya mwanga. Kisanduku cha pembeni kinasema redio. Ndiyo maana dirisha lote limesogea kulia.

Nakumbuka siku yenyewe, mwaka jana. Nilitoka kuchukua kahawa, nikarudi nikamkuta Gunvor kwenye kiti changu, anajaza fomu kwa kichwa. Alisema namba ile anaijua kuliko ya simu ya mwanawe. Ujana wake wote aliumalizia kwenye darubini za mwanga. Kazi ya kukagua ilikuwa yangu. Sikukagua.

Nimemwonyesha Melker. Akacheka: "Tyra jamani, hili si kosa la mwaka wa kwanza?" Nikamwambia nani aliandika. Akaacha kucheka.

Ijumaa, 20 Septemba

Niliwaandikia Chile, nikawaomba warudie. Wamejibu kwa adabu zote. Kipimo ni kizuri, kimefanywa kama kilivyoombwa. Wamefunga faili.

Kama kilivyoombwa!

Jumapili, 22 Septemba

Tumekwenda msituni kuchuma uyoga, mimi na Gunvor, kama kila mwaka. Akauliza bila kuinua kichwa: mchoro lini? Nikasema bado nasafisha data. Uongo mtupu. Ningemwambia vipi, na kikapu kimejaa, anapiga mluzi?

Ijumaa, kwa desturi ya chuo, tunaigongomea tasnifu ubaoni kwa msumari, mbele ya wote, na nyundo anaitaka yeye. Msumari ukishaingia, hakibadilishwi kitu. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu ili asinione machozi.

Jumatano, 25 Septemba

Amekuja mwenyewe asubuhi, koti bado mwilini. "Tyra, acha kunizungusha. Fungua."

Nikafungua. Akatazama kushoto. Akatazama ule utupu wa kulia. Akaweka kidole ukingoni, akakisogeza taratibu nje ya mchoro, mpaka kwenye plastiki ya skrini.

"Inaendelea," alisema.

"Hatujui, Gunvor."

"Inaendelea, bwana! Huoni?"

Akakiondoa kidole kwenye skrini. Kisha, kwa sauti ndogo: "Ile kasi kwenye fomu. Nani aliijaza?"

"Mimi," nikasema.

Alinikazia macho. Akatoka.

Sasa namsikia ng'ambo ya ukuta anavuta droo, anasukuma, anavuta nyingine. Anatafuta daftari lake la mwaka jana. Huyu mama huandika kila kitu, mpaka alichokula. Melker amesimama mlangoni, ananiuliza kwa macho kama nitamfuata Gunvor au la. Sijui.

Droo zimenyamaza. Anafunua kurasa.