Udongo Uliomletea Mama

Goma, Birere
Tarehe 9 Machi 2003

Mpendwa yaya Donat, kaka yangu,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Kisangani. Malaria ya Desemba imekuacha? Wifi Patricia na mtoto Rémy hawajambo? Barua hii anaibeba jirani yetu mama Mwavita, anayepanda ndege Jumanne.

Sisi tunaishi. Askari wanapita kama kawaida, mlima unafuka moshi lakini umetulia. Asiye mzima ni Mama, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Unakumbuka volkano ilipofunika kiwanja chetu, tukasawazisha mawe na kujenga nyumba ya mbao juu yake. Mama alitaka kitu kimoja tu, mahali pa kupanda mboga zake za lengalenga. Ukamletea udongo kutoka barabara ya Sake, magunia kumi na manne juu ya tshukudu, ukisukuma magurudumu yake ya mbao. Siku ile Mama aliimba mpaka majirani wakatoka nje.

Lengalenga hazikuota vizuri. Kikaota kitu kingine: majani yaliyochanika kama ya karoti, shina lenye mistari na vinywele, maua meupe madogo kama chenga za mchele. Ulipokuja kuaga mwezi wa nane ulimwambia Mama ni dawa, asiyang'oe. Akawa anayamwagilia kila asubuhi kwa maji ninayobeba kichwani kutoka ziwani.

Mwezi wa kumi mikono yake ikapasuka na macho yakavimba. Kufikia Noeli alikuwa analala ameketi, kifua kinapiga filimbi. Mimi nililaumu vumbi la volkano.

Mwezi uliopita papa Hilaire, agronome wa parokia, yule bwana shamba, alipita kwetu akasimama mlangoni.

“Mama, nani amekuletea adui huyu?”

“Adui gani? Ni maua ya mutoto wangu! Weye uko agronome wa mihogo, maua unajua nini?”

Mama alicheka, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta. Papa Hilaire alinieleza kando kwamba vumbi la maua hayo ndilo linalomziba pumzi, akanituma nikamwonye mwenye shamba ulikotoa udongo. Nilimkuta muzee Nsanzimana mbele ya Mugunga. Hakuhitaji kuonywa; mikono yake imepasuka kama ya Mama.

“Donat? Nilimuonyesha hii mikono yangu. Nikamuambia, udongo huu usipelekee mutu. Akasema uko karibu na barabara, tena ni wa bure.”

Nilirudi nikafungua daftari langu. Tarehe 12 Juni 2002 niliandika: “Yaya Donat amemwaga udongo. Amevaa soksi mikononi, tumemcheka sana. Mama ametandaza kwa mikono mitupu.”

Tulicheka, yaya. Na wewe ulicheka pamoja nasi.

Nimeyang'oa. Nilimpeleka Mama kwa mama Mwavita siku tatu, nikangoja mvua ilainishe udongo, nikafunga kitambaa puani. Yenye maua niliyatia kwanza ndani ya gunia bila kuyatikisa, kisha mengine, kila moja na mzizi wake. Papa Hilaire alikataza kuyachoma, kwa ajili ya moshi, na kuwapa mbuzi. Shimo huwezi kuchimba juu ya mawe haya, kwa hiyo magunia yamefungwa midomo, yanaozea juani. Nguo za kazi nafua mbali na nguo nyingine. Mbegu zimebaki udongoni. Kila wiki mbili nang'oa machipukizi kabla hayajatoa ua.

Lakini mmea mmoja umebaki. Mama aliuficha, akaupanda ndani ya kopo la maziwa, uko karibu na kitanda chake. Nikiutoa anaurudisha. “Donat akirudi atakuta nimetupa dawa yake?” Nimemweleza, papa Hilaire amemweleza. Anasema tunakuonea wivu.

Sikumwambia habari za soksi. Neno hilo ni lako. Mwandikie kwa mkono wako kwamba si dawa, na kwamba ulijua. Nitamsomea jinsi ulivyoandika, sitaongeza wala kupunguza. Usichelewe. Usiku wa Jumapili iliyopita nilidhani tunampoteza.

Msalimie wifi Patricia, umbusu Rémy. Mungu awalinde ninyi nyote, akupe na ujasiri wa kushika kalamu.

Kila asubuhi Mama akijikokota kwenda misa, naingia chumbani kwake kukata maua ya kopo lile. Navaa soksi zako. Ulizisahau kwenye msumari, nyuma ya mlango.

Mimi mdogo wako, ambaye bado nakupenda,
Perpétue