Shamba la Juu Nimelivuna, Wifi

Mpendwa wifi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimenyoosha mguu juu ya stuli.

Unakumbuka nilivyoteleza na mzigo wa mahindi, goti la kushoto likavimba? Nilikuwa na miaka hamsini na nne. Kaka yako akaniambia, "Mke wangu, baki na chaki zako. Shamba lina wenyewe." Nililia. Tangu nihamishiwe shule ya hapa Tlawi kutoka Songea na kuolewa kwenu, nilijiona mwenyeji pale tu niliposhika jembe.

Asubuhi moja ukaja na fimbo mbili. "Moja yako, moja yangu," ulisema. "Mgongo wangu nao unasumbua. Twende hadi kwa jirani tu."

Nilikuwa nakuogopa, miaka yote uliniita mwalimu. Ulinionyesha kushuka mteremko kwa hatua fupi, na kuinama bila kuumiza kiuno. Jioni ulinikanda goti kwa maji ya moto, nami nikakukanda mgongo, tukicheka tulivyokuwa tunaguna. Siku niliyozidisha, goti likavimba tena, ukanigombeza: "Nani anakukimbiza, wifi?" Ndiyo mara ya kwanza uliniita hivyo. Tukapumzika siku tatu, tukaanza upya.

Ulipofariki, shamba lako la juu likabaki bila mtu. Vijana walisema mlima ni mkali mno. Kaka yako akataka liwe malisho ya ng'ombe. Nilikuwa nimeshastaafu, nikamwambia, "Nipe msimu mmoja."

Sikulima kama zamani. Nililima matuta machache, nikapumzika, nikashuka. Siku nyingine niliamka mwili wote unauma, nikabaki nyumbani bila kuona aibu. Wenzangu walimaliza kupalilia mimi nikiwa bado katikati.

Jana tumeshusha gunia la mwisho la maharage. Kaka yako alipanda kunifuata, akakaa chini akihema.

"Kumbe ndiko unakofika kila siku?"

"Siku ambazo goti limekubali," nikamjibu.

Alitazama shamba lote, tuta kwa tuta. Kisha akauliza, "Msimu ujao tupande nini huku?"

Wifi, alisema "tupande." Nilitamani ungesikia. Goti liliuma, nilikuwa na njaa, na sijawahi kujisikia mzima kama jana.

Pumzika salama.

Wifi yako wa Tlawi