Sahani ya Mama Jaya

Kigoma, Jumanne usiku

Na wale migebuka niliwakaanga vizuri kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Nina siku tatu tu hapa, na leo ni Diwali. Asubuhi Mama Jaya, mwenye nyumba, aliniletea sahani ya ladu, vile vitamu vya sikukuu yao ya Kihindi. Nilivyolelewa, sahani ya jirani hairudi tupu. Nikateremka ziwani Katonga kununua samaki hao, nikawakaanga, nikampelekea kwenye sahani yake ileile.

Alipofungua mlango alirudi nyuma. "Mwalimu, sisi hatuli samaki. Leo hata ndani asiingie."

Nikarudi nao chumbani. Akinitoa, nitakwenda wapi? Simjui mtu mwingine mji huu.

Jioni alipanga vitaa vya udongo kwenye ngazi zote za huku mlimani. Nikawa nachungulia pazia, nione kama mlango wangu atauruka.

Sasa hivi amepiga hodi. Ameweka kitaa kizingitini kwangu, akanipa sahani nyingine, imejaa. "Kula, mwalimu. Usiwaze."

Nimeshukuru, nimefunga mlango, nimekaa kitandani.

Sasa nina sahani zake mbili, na humu ndani sina cha kurudishia ila samaki.