Madole Gumba Jela

Swahibu yangu Juma,

Pokea salamu za Forodhani, pweza mkononi na jasho mgongoni. Nshapata kazi, na usicheke: mimi mkalimani wa Mzungu, jela! Anawauliza waliofungwa kwa kunajisi wanawake, apime wapi watasema kweli zaidi, kwa mdomo au kwenye karatasi isiyo na jina.

Kwa mdomo, bwana wee, jela nzima malaika. "Wallahi nimesingiziwa!" Kwenye karatasi, kila mtu shetani na pembe zake, wamekiri mpaka mambo ambayo hakimu hakuyasikia. Mzungu akachekelea. Kuzigeuza, kila moja ina alama ya dole gumba! Karatasi ya Serikali bila dole wao hawaijui, na wino wa karani wa jela ulikuwa pale mezani.

Mzungu kawaahidi siri, basi nikapewa mkasi niyakate madole yote mbele yao. Mmoja akanishika mkono. "Langu liache, kaka. Yule binti niliyemnajisi, mtaa mzima unamwita mwongo kwa sababu nilikana. Mpelekeeni babake aone."

Nikamfasiria Mzungu, akavua miwani. Dole limebaki, na kesho karatasi naipeleka mwenyewe. Ila daftari lake lina pande mbili, mdomo na karatasi, na mpaka sasa anakuna kichwa: kweli ya huyu aiweke wapi?

Mungu akuwekee wanao. Msalimie na karani wa posta, najua keshasoma yote.

Wako,
Hamisi