Wale wa Mkono wa Kushoto

Mpendwa Mama Zubeda,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila shikamoo, ungenishangaa.

Nimepewa kazi yako, mama. Ile ya kukaa nyuma ya darasa na daftari, kuangalia walimu wapya wanavyofundisha, kisha kukaa nao na kuwasaidia. Kiti ni kile kile chako kibovu. Kila nikikikalia najiona kama mwizi.

Unakumbuka ulivyoingia darasani kwangu mara ya kwanza, la nne, somo la sehemu? Nilikuwa na miezi miwili tu kazini na nilikuogopa kuliko mkaguzi. Jana yake nilikuwa nimewazoesha watoto ule ujanja wetu walimu: anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, ili mgeni aone darasa zima linajua. Kila nilipouliza, mikono yote juu. Nikawa nachagua wa kulia tu, na moyoni najisifu.

Hukuniaibisha mbele ya watoto. Baadaye tulikaa kwenye ngazi za stoo, ukanimegea muhogo wako wa kuchemsha.

"Mwanangu, umefundisha vizuri. Sasa wale wa kushoto utawafundisha lini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajitetea kwa wingi wa watoto na uhaba wa vitabu. Hukunigombeza, wala hukunipeleka kwa mkuu wa shule.

"Kesho naja tena. Uliza wa kushoto watupu. Wakikosea, tumepata pa kuanzia."

Ukaja kesho, ukaja muhula mzima. Ulikata muhogo mbele yao, nusu, robo, hadi Mwajuma, aliyekuwa hajawahi kunijibu hata mara moja, akasimama mwenyewe kuomba kisu. Siku ile nilijiona mwalimu.

Kisha ukastaafu, ukarudi kwenu Mpale, ukaanza kuumwa. Ulinipigia simu: "Njoo unisimulie darasa lako." Nikasema nitakuja likizo. Likizo ikafika, nikasema nasahihisha mitihani. Siku nilipopanda basi pale Mkata, hatimaye, nilikuwa nakuja kukuzika. Linaniuma, mama, na sioni dalili ya kupoa.

Leo nimekaa nyuma ya binti mmoja aliyeripoti juzi, mwalimu wa la tatu. Akauliza swali, mikono yote ikapanda. Nikatazama vizuri: karibu nusu ni ya kushoto. Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Mtoto niliyekaa jirani naye akanisogezea kifutio chake, sijui alidhani nimekosea hesabu.

Kipindi kilipokwisha nikamwita yule binti kwenye ngazi za stoo. Muhogo nilikuwa nao. Lile swali lako sikuweza kulitoa, nikawa namega muhogo vipande vipande mpaka yeye akaogopa.

"Mwalimu, nimeharibu?"

"Hapana, mdogo wangu. Kesho naja tena."

Hayo tu ndiyo niliyoweza. Kesho nitamwambia yaliyobaki, kwa upole wako, nikiuweza.

Pumzika, mama. Ila ukiniuliza kwa nini sikuja Mpale ungali hai, mkono nitakaounyoosha ni wa kushoto.

Ni mimi,
mwanao wa kazini