BASIC Mbili na Jogoo Wangu

Nyalenda, Jumamosi, 1992

Jogoo wangu ameenda. Nilimweka dau nikijigamba kwamba BASIC ya zamani, lugha ya kompyuta ambayo Kisumu nzima hakuna anayeijua kunishinda, itaipita BASIC mpya ya mpwa wangu Akinyi kwenye kompyuta ya chuo chao. Hesabu ilikuwa ile ile. Yake ikamaliza, yangu bado inajikokota. Nikasingizia stima kupungua nguvu.

"Mjomba, yako inaitafsiria kompyuta mstari mmoja, inaufanyia kazi, ndipo inatafsiri mwingine," akacheka. "Kama wewe ukimtafsiria pasta kanisani. Yangu ilitafsiriwa yote kabla ya kuanza."

"Pasta bila mimi, kanisa lote litasinzia!"

"Na kwa sababu yako tunakula chakula cha mchana jioni!"

Hilo limeniuma kidogo. Kumbe wananisema...

Lakini kesho jogoo anapikwa kwa kina Akinyi, na pasta ndiye atakayeombea chakula. Nitatafsiri maneno matatu tu, kisha amina.