Kulabu za Ghala la Baridi

6 Juni

Kaka, shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inatokota.

Jana uliamuru chuma cha kulabu za kreni kimwagwe kwenye kalibu bila kuchanganywa yale madini adimu. Nilikwambia pale tanurini ukanikatiza, kwa hiyo naandika. Salfa iliyomo kwenye chuma hujibanza kati ya punje zake, chuma kikakosa kunyumbuka. Yale madini, kidogo tu, huikamata salfa kabla haijafika huko. Na kulabu hizi zinakwenda ghala la baridi, ambako chuma cha namna hiyo huvunjika kama biskuti. Wewe ukawaambia mafundi, "Mdogo wangu kasoma mpaka anaogopa kivuli chake." Wakacheka. Zizuie, kaka.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu, marahaba. Huku hatujambo, wifi yako anakusalimu.

Madini yako yamekwama njiani na mteja kanikalia kooni. Watu wamemwaga chuma miaka nenda miaka rudi bila huo unga wako wa ajabu. Aliyekuingiza kiwandani ni mimi, leo unanivua nguo mbele ya watu ninaowaongoza. Kulabu zimeshaondoka. Kaa nyumbani mpaka kichwa kipoe.

Kaka yako

2 Julai

Kaka, shikamoo. Natumai mko salama, maana wengine hawako.

Kulabu imekatika ghalani, ikaachia mzigo wa samaki walioganda. Mfunga mizigo aliyekuwa chini yake amekatwa mguu. Nilikwenda. Msimamizi wa pale alishikilia kwamba kreni ilizidishiwa uzito. Nikaomba kulabu nyingine iliyolala humo humo kwenye baridi, nikaibana kwenye jiliwa, nikaitwanga kwa nyundo kubwa. Pigo la kwanza tu, vipande viwili. Mkato ulimeta kama sukari. Dereva wa kreni akakaa chini, akasema, "Na mimi kila siku nawapitishia wenzangu kitu hiki juu ya vichwa."

Wakaniuliza nani aliruhusu kulabu hizi zitoke kiwandani. Nikasema ni kaka yangu.

Mdogo wako

14 Julai

Sina salamu.

Nimefukuzwa. Wifi yako hatoki nje kwa aibu. Mama anapokea simu zangu halafu ananyamaza tu. Ungeweza kusema "kiwanda", nani angekulaumu? Ukachagua kusema kaka. Nasikia ofisi yangu watakupa wewe. Haya, jifungie humo na vyeti vyako. Mtu niliyembeba mgongoni kumpeleka shule ndiye kanichimbia shimo.

Aliyekuwa kaka yako

20 Julai

Kaka, shikamoo.

Ofisi nimeikataa, nipo tanurini. Madini yamefika. Kulabu mpya tumezilaza kwenye baridi, tukazipiga. Zinapinda, hazikatiki.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea, natafuta sentensi moja. Umeandika kazi yako, aibu ya wifi, kimya cha mama, na mgongo wako ulionibeba. Hukuuliza yule mtu anaendeleaje.

Yuko wodi ya upasuaji, kitanda cha karibu na mlango. Mkewe hushinda hapo. Nenda ukawaone, uwatajie wewe ni nani. Ukitoka huko niandikie chochote, hata matusi nitayasoma. Kabla ya hapo, usiniandikie.

Mdogo wako